Asilimia 60 hawakuichagua ANC: imekuwaje Ramaphosa akabaki rais?

Swali: "Shikamoo, Profesa. Nafundisha somo la uraia kidato cha tatu. Juzi tulikuwa tunajadili uchaguzi wa Afrika Kusini wa 2024, mwanafunzi mmoja akasimama na kuniuliza: chama cha ANC kimepata asilimia 40, kwa hiyo asilimia 60 wamekikataa. Inakuwaje kiongozi wake aendelee kuwa rais, tena kwa kushikana mikono na chama kilichompinga kampeni nzima? Mwenzake akadakia kwamba huo ni usaliti, ni 'nusu mkate' kama ule wa Kenya wa 2008. Nilikosa jibu la kuwaridhisha. Je, wamekosea? Na serikali ya namna hiyo inaweza kudumu?"

Marahaba, Mwalimu. Umenifurahisha, kwa sababu swali la kijana wako nimelisikia hata kwa watu wazima wanaofuatilia siasa kila siku. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Kilichompoteza ni dhana kwamba tarehe 29 Mei 2024 watu wa Afrika Kusini walikuwa wanamchagua rais. Hawakuwa wanamchagua rais. Kila mpiga kura alipewa karatasi tatu: mbili za Bunge la Taifa na moja ya bunge la jimbo lake. Picha ya Cyril Ramaphosa, kiongozi wa ANC, ilikuwepo kwenye karatasi, kando ya nembo ya ANC, na nadhani hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Lakini alama aliyoiweka mpiga kura ilikwenda kwenye orodha ya chama. Kura zote zikajumlishwa, viti 400 vikagawanywa kwa uwiano, na wabunge hao 400 ndio wenye jukumu la kumchagua rais kutoka miongoni mwao. Akishachaguliwa anaacha kuwa mbunge, na kiti chake kinajazwa kutoka kwenye orodha ya chama chake.

Kwa hiyo swali la "nani ameshinda?" halijibiwi usiku wa kuhesabu kura. Linajibiwa bungeni, na jibu lake ni namba moja tu: nani anaweza kukusanya wabunge wa kutosha nyuma yake. Nusu ya 400 ni 200, hivyo wingi unaanzia 201. Iandike hiyo 201 ubaoni, Mwalimu, tutairudia.

Sasa tazama walivyogawana. ANC ilipata asilimia 40.18 ya kura na viti 159, kutoka asilimia 57.5 na viti 230 mwaka 2019. Ni anguko ambalo chama hicho hakijawahi kulionja tangu 1994; hadi hapo hakikuwahi kushuka chini ya nusu katika uchaguzi wa taifa. DA, chama kikuu cha upinzani wakati huo, ilipata viti 87. MK, chama kipya cha rais wa zamani Jacob Zuma kilichozinduliwa Desemba 2023, kilijizolea 58 ndani ya miezi michache. EFF ya Julius Malema 39, IFP (Inkatha) 17, PA 9, halafu vyama vingine 12 vikagawana viti 31 vilivyobaki, vingine kiti kimoja kimoja. Afrika Kusini haina kiwango cha chini cha kura ambacho chama lazima kikivuke ili kiingie bungeni. Kura kama elfu 40 hivi zilitosha kupata kiti kimoja. Ndiyo maana vyama 18 viliingia.

Hapa ndipo ninapotaka wanafunzi wako wakae kidogo. Tunaposema "asilimia 60 wameikataa ANC", tunazungumza kana kwamba hao ni kundi moja lenye nia moja. Wachukue hao wapinzani wanne wakubwa, yaani DA, MK, EFF na IFP, uwajumlishe: 87 na 58 na 39 na 17. Utapata 201. Kamili, bila kiti cha akiba. Kuiondoa ANC madarakani kulihitaji hao wanne wote wakubaliane, asitoke hata mbunge mmoja, au sivyo waanze kuokoteza vyama vya viti viwili vitatu. Na kukubaliana kwenyewe kungekuwa juu ya nini? DA inatetea soko huria na Katiba ya 1996 kama ilivyo. EFF inataka ardhi ichukuliwe bila fidia, na migodi na benki zimilikiwe na dola. MK ilisema wazi kwenye ilani yake kwamba inataka kuachana na mfumo wa Katiba kuwa juu ya Bunge. Mtu aliyeipigia kura DA kwa kuiogopa EFF, na aliyeipigia EFF kwa kuichukia DA, wote wamo ndani ya ile asilimia 60. Waliikataa ANC, ni kweli, ila walikataana wao kwa wao kwa nguvu kubwa zaidi.

DA yenyewe ilikuwa imejaribu njia ya kuing'oa ANC. Mwaka 2023 iliingia mapatano na IFP, FF Plus, ActionSA, ACDP na vyama vingine vidogo, wakaapa kuunda serikali bila ANC. Matokeo yalipotoka, vyama vitano hivyo nilivyovitaja havikufika hata viti 120. Mapatano yakafa kwa hesabu kabla hayajafa kwa ugomvi.

Basi zikabaki njia chache. ANC na EFF pamoja ni 198, pungufu ya viti vitatu tu, na kulikuwa na watu wengi ndani ya ANC waliotamani njia hiyo. ANC na MK ni 217, lakini MK ilitaka Ramaphosa aondoke kwanza, sharti ambalo uongozi wa ANC haukuwa tayari hata kulijadili. ANC na DA ni 246. Ile ya tatu ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kupumua, na ndiyo iliyochaguliwa, ikavishwa jina la Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Kuna kitu kingine kilichowasukuma, na vitabu vingi vya uraia hukipita haraka: saa. Katiba ya Afrika Kusini inataka Bunge jipya likutane ndani ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe, na rais achaguliwe katika kikao hicho cha kwanza. Matokeo yalitangazwa tarehe 2 Juni. Katika nchi kama Ubelgiji au Uholanzi vyama vinaweza kujadiliana kwa miezi mingi huku serikali ya zamani ikishikilia usukani. Afrika Kusini haikuwa na anasa hiyo. MK ilikwenda Mahakama ya Katiba kuomba kikao kizuiwe kwa madai kwamba uchaguzi ulikuwa na wizi, ombi likatupwa.

Bunge likakutana tarehe 14 Juni, katika ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa Cape Town, kwa kuwa jengo lenyewe la Bunge liliungua Januari 2022. Nilikifuatilia kikao kile tangu asubuhi hadi usiku, na sitaki kukificha nilichokihisi. Jaji Mkuu Raymond Zondo anawaapisha wabunge kwa makundi, na huku nje ya ukumbi makubaliano ya ANC na DA yalikuwa yanakamilishwa. Yalitangazwa siku ile ile, kikao kikiwa kinaendelea. Thoko Didiza wa ANC akachaguliwa Spika, Annelie Lotriet wa DA akawa Naibu Spika, na hapo kila aliyekuwa akitazama akajua kura za urais zingekwendaje. Ramaphosa alipata kura 283, Malema 44. Wabunge wa MK walisusia. Chama kilichotawala kwa miaka 30 kilihitaji kura za wapinzani wake ili kubaki Ikulu, kikaziomba, kikazilipia kwa vyeo, na hakuna risasi iliyolia. Mimi sioni hilo kuwa jambo dogo.

Nije kwenye "nusu mkate", kwa sababu mwanafunzi wako wa pili ana hoja, ila amelinganisha vitu viwili visivyolingana. Kenya mwaka 2008 ilikuwa na mgogoro juu ya nani hasa ameshinda urais. Watu walikuwa wameshauawa, usuluhishi wa Kofi Annan ukazaa mapatano ya tarehe 28 Februari, na cheo cha waziri mkuu kikaundwa upya ili pande mbili zigawane madaraka. Mseto ule ulikuwa dawa ya uchaguzi ulioshindwa kutoa jibu. Wa Afrika Kusini 2024 umetokana na uchaguzi uliotoa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa: hakuna chama kinachotosha peke yake. Wala haufanani na Zanzibar, ambako tangu 2010 Katiba yenyewe ndiyo inayoagiza serikali ya umoja wa kitaifa.

Ukitaka mfano wa Afrika Kusini unaofanana na Zanzibar, rudi 1994. Katiba ya mpito iliagiza kwamba chama chenye viti 20 au zaidi kina haki ya kupata mawaziri, na chenye viti 80 kina haki ya kutoa naibu rais. ANC ya Mandela ilikuwa na viti 252, haikumhitaji mtu. Lakini National Party ya F. W. de Klerk ilikuwa na 82 na IFP 43, hivyo waliingia serikalini kwa haki ya kikatiba. De Klerk akawa naibu rais pamoja na Thabo Mbeki. Mei 1996, mara tu Katiba mpya ilipopitishwa, akatangaza kwamba chama chake kinajitoa, na serikali haikutikisika hata kidogo. Jina la 2024 limeazimwa kutoka 1994 kwa makusudi, linaleta kumbukumbu nzuri. Ila mwaka 1994 mwenye nguvu alilazimishwa na sheria kumkaribisha mnyonge, na mwaka 2024 hapakuwa na sheria, palikuwa na njaa ya viti. Ukiwafundisha tofauti hiyo tu, umewafundisha mengi.

Ipo sehemu ambayo hesabu hii ilikuwa kali kuliko hata ya taifa, nayo ni KwaZulu-Natal. Bunge la jimbo hilo lina viti 80. MK ilipata 37, ikakiacha mbali kila chama kingine. IFP 15, ANC 14, DA 11, EFF 2, na chama kidogo cha NFP kiti kimoja. MK na EFF pamoja ni 39. IFP, ANC na DA pamoja ni 40. Mbunge mmoja wa NFP ndiye aliyekuwa ameshika jimbo zima mkononi. NFP ikaegemea upande wa IFP, 41 kwa 39, na Thami Ntuli wa IFP akawa waziri mkuu wa jimbo, ingawa chama chake kilipata chini ya nusu ya viti vya MK. Kama mwanafunzi wako anaona ya Ramaphosa ni maajabu, mpe hii.

Je, ni usaliti? Hapa natoa maoni yangu, uyachukue hivyo. Ukiipigia kura DA ukiwa umeambiwa itaiondoa ANC, kisha ukawaona wameketi pamoja, una haki ya kuudhika. Lakini DA ingekaa pembeni, ANC ingekwenda kwa EFF au MK, na mpiga kura huyo huyo angeudhika zaidi. Mimi hupima mseto kwa kuangalia kama kila chama kimepeleka serikalini sehemu ya kile kilichochaguliwa kukifanya. Baraza lililotangazwa tarehe 30 Juni 2024 lilikuwa na mawaziri 32: ANC 20, DA 6, IFP 2, na vyama vinne vidogo waziri mmoja mmoja. DA ilipata elimu ya msingi, mambo ya ndani, kilimo, kazi za umma, mawasiliano na mazingira. Hizo ni wizara zenye kazi ya kuonekana. Fedha, ulinzi, polisi na mambo ya nje zilibaki kwa ANC. Chama chenye asilimia 40 ya kura kikashika zaidi ya nusu ya wizara na zote za mabavu na mfuko. Kwa jicho langu, DA ilikuwa na haraka kuliko ilivyohitaji kuwa nayo.

Na kuna wasiohesabiwa kabisa kwenye mjadala wa darasani. Waliojiandikisha walikuwa karibu milioni 28, waliopiga kura ni asilimia 58.64. Zaidi ya watu milioni 11 waliokuwa na majina kwenye daftari walibaki nyumbani. Kila asilimia tunayoitaja, ya ANC na ya wapinzani wake, ni ya wale waliojitokeza.

Swali lako la mwisho, kama itadumu, ndilo gumu, na siwezi kulijibu bila kukuonyesha kifungu kimoja. Vyama vilitia saini tamko la nia, na kifungu cha 19 kinasema maamuzi yatafanywa kwa muafaka wa kutosha, yaani vyama vinavyowakilisha asilimia 60 ya viti vya Bunge viwe vimekubaliana. Asilimia 60 ya 400 ni 240. Vyama kumi vilivyounda serikali hiyo vina jumla ya viti 287. Ondoa 87 vya DA, vinabaki 200. Kwa hiyo kwa maandishi, bila DA hakuna muafaka wa kutosha juu ya jambo lolote. DA ilidhani imepata turufu.

Bajeti ya 2025 ikaonyesha turufu hiyo ina thamani gani. Waziri wa Fedha Enoch Godongwana alitaka kupandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi 17. DA ikakataa, na hotuba ya bajeti iliyopangwa tarehe 19 Februari ikaahirishwa siku ile ile ya kusomwa. Machi akarudi na nyongeza ndogo, nusu asilimia mwaka huo na nusu nyingine mwaka unaofuata. DA ikakataa tena. Tarehe 2 Aprili ANC ikapitisha mfumo wa bajeti, yaani makadirio ya jumla ya mapato na matumizi, kwa kura 194 dhidi ya 182, ikisaidiwa na ActionSA ambayo haimo serikalini, huku DA na FF Plus, ambazo zimo serikalini, zikipiga kura ya hapana. Muafaka wa asilimia 60 ulikuwa wapi? Haukuwepo. Kwa maana tamko la nia ni ahadi ya kisiasa, na kinachopitisha hoja ya namna hiyo bungeni ni wingi wa kura zilizopigwa siku hiyo.

Lakini ANC nayo haikushinda. DA ilikwenda mahakamani, kelele za umma zikapanda, na kabla ya mwezi kuisha Godongwana akatangaza kuifuta nyongeza hiyo. Ikabidi bajeti isomwe mara ya tatu, tarehe 21 Mei. Mwezi uliofuata Ramaphosa akamfuta kazi naibu waziri mmoja wa DA aliyesafiri Marekani bila ruhusa yake; DA ikawaka, ikatoa masharti, ikabaki serikalini. Sababu ya kubaki ni ile ile iliyowaleta: nje kuna baridi, na mbadala wake ni watu wanaowaogopa kuliko wanavyoichukia ANC.

Tuseme basi DA inaondoka kesho. Wengi hudhani papo hapo uchaguzi unaitishwa. Sivyo. Bunge la Taifa haliwezi kujivunja kabla ya miaka mitatu kupita tangu lichaguliwe, yaani kabla ya mwishoni mwa Mei 2027. Njia nyingine ya kulivunja ni pale kiti cha urais kinapokuwa wazi na Bunge likashindwa kumpata mwingine ndani ya siku 30. Rais anang'oka kwa kura ya kutokuwa na imani ikiungwa mkono na wabunge 201, waliopo na wasiokuwepo wakihesabiwa. Bila DA, ANC na washirika wake waliobaki wangekuwa 200, na upinzani mzima 200. Mpe kila mwanafunzi karatasi yenye jina la chama na idadi ya viti vyake, waambie ni asubuhi ile DA imeondoka, kisha uwaache watafute wenyewe ni nani angempigia simu nani.